Unyofu wa Mkato Hautoki Mkononi

Ukifika Narung'ombe, wilayani Ruangwa, umo katika nchi ya miombo, nchi ya mninga, mkongo na mpingo. Mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Msumeno wa umeme wa duara waweza kuuharibu ubao wake kwa nukta chache tu. Ubao uliokatwa kombo haurudi mtini, na kidole kilichokatwa hakirudi mkononi.

Wengi hudhani kwamba unyofu wa mkato hutokana na nguvu za mkono. Sivyo. Mkono wa binadamu, hata wa fundi hodari, huyumba. Kinachonyoosha ni ubao wa kuongozea, yaani ubao mwingine ulionyooka barabara, uliobanwa kwa vibano viwili juu ya ule unaokatwa, ili bamba la chini la msumeno litambae kandokando yake.

Kwanza, chomoa waya wa umeme. Pima kutoka jino lililoinamia upande wa ubao wa kuongozea hadi ukingo wa bamba. Ukipata sentimita 12, ubane ubao huo sentimita 12 kutoka mstari wa penseli, juu ya kipande utakachokitumia. Hivyo unene wa meno, ambao aghalabu ni milimita 2 au 3, utakula upande wa makapi, wala hautapunguza kipimo chako.

Pili, teremsha sahani ya meno ipite chini ya ubao kwa milimita 5 hivi. Uso mzuri uelekee chini, kwa kuwa meno hukata yakipanda, nayo hubanjua nyuzi za uso wa juu.

Tatu, kipande cha makapi kiwe huru kushuka. Kikizuiwa, mkato hujifunga na kuibana sahani, na msumeno huruka nyuma kumwelekea aliyeushika. Basi vaa miwani ya kukinga macho, na usimame kando ya njia ya msumeno, si nyuma yake. Ukienda kombo, usiusokote. Uzime, ungoje utulie, urudi nyuma, uanze upya.

Nawe mzazi ambaye kijana wako anajifunza useremala, usimsifu kwa wepesi wa kukata. Muulize kwanza: ubao wa kuongozea uko wapi? Dakika 2 za kupima na kubana huokoa mti wa miaka mingi, na huokoa mkono utakaoilisha nyumba. Mwenda pole hajikwai.