Sikio Likiziba Ghafla, Usingoje

Umeamka, sikio moja kimya, nyumba inazunguka. Jamaa watasema ni nta, wakutilie mafuta ya nazi. Usikubali.

Huenda ni sikio la ndani. Humo kiungo cha kusikia na kile kinachotusawazisha mwili vimepakana. Ndiyo sababu uziwi na kisunzi huja pamoja. Daktari Mfaransa Prosper Ménière alilieleza hilo mwaka 1861, wakati kisunzi kikidhaniwa ni maradhi ya ubongo.

Usikivu ukipotea ghafla au ndani ya siku 3, madaktari hutoa dawa za steroidi, na hufaa zaidi zikianzwa ndani ya wiki 2 za mwanzo.

Ndugu yetu uliye Gatuanyaga, mbali na kwenu Pwani, nenda Thika Level 5 siku hiyo hiyo, na mtu wa kukushika mkono. Usipande bodaboda. Omba upimwe usikivu. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, huenda ni kiharusi: kimbilia dharura.

Nyumbani, kisunzi kikishika keti, kaza macho mahali pamoja. Waambie watu waseme upande wa sikio zima.

Kupona hakuna hakika, lakini kuchelewa kwapunguza bahati.