Je, Wajua? Aspirini na saratani ya utumbo

Aspirini, kidonge cha maumivu ya kichwa kinachouzwa hata maduka ya mtaani, hupunguza saratani ya utumbo mpana kwa watu waliorithi hitilafu ya vinasaba iitwayo Lynch.

Katika utafiti wa CAPP2, watu 861 walimeza miligramu 600 za aspirini kila siku au vidonge visivyo na dawa. Kinga ilichelewa: ilionekana miaka kadhaa baadaye, wengi wakiwa wameshaacha kumeza.

La kushangaza zaidi ni kisa cha dawa nyingine ya maumivu, Vioxx. Ilikuwa ikijaribiwa kuzuia vivimbe vya utumbo, vinavyoweza kugeuka saratani. Jaribio likafichua kwamba huongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Ikaondolewa sokoni mwaka 2004.

Aspirini nayo huweza kuvujisha damu tumboni. Usiimeze kila siku kabla ya kumwona daktari.