Fahamu: Mkongo aliyekimbia yadi 313
Mantapala, wilayani Nchelenge nchini Zambia, makazi yaliyofunguliwa 2018 kwa wakimbizi wa Kongo, mpira ni wa miguu. Lakini kwenye futiboli ya Marekani pia Wakongo walikuwa na nyota wao: Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa.

Katika mchezo huo, mbeba mpira akifikisha yadi 100 kwa mbio katika mechi moja, anasifiwa wiki nzima. Novemba 25, 1995, akichezea Chuo Kikuu cha Michigan, Biakabutuka aliukumbatia mpira na kukimbia mara 37, akapenya ngome ya Ohio State, timu iliyokuwa haijafungwa msimu ule, akakusanya yadi 313. Hizo ni mita 286, huku watu 11 wakimwinda kila hatua! Michigan ilishinda 31–23. Mwaka 1996 timu ya kulipwa ya Carolina Panthers ikamsajili.