Maelezo Yaliyochakaa Kwenye Msimbo wa Ruhusa

Idadi ya watoto waliochanjwa katika kata ya Mkumbi huanza safari yake kwa kalamu, kwenye kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya takwimu za kituo cha afya. Ikifika kwenye kompyuta huingizwa katika DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao kufikia mwaka 2013 ulikuwa umesambazwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara. Kuanzia hapo, kila anayetaka kuigusa tarakimu hiyo hupimwa kwanza: ana jukumu gani, jukumu hilo limebeba mamlaka yapi, na yeye amepangiwa kituo gani au wilaya ipi. Aliyepangiwa wilaya ya Mbinga, iliko kata hiyo, peke yake hawezi kurekebisha takwimu za wilaya jirani ya Nyasa, ingawa hadi 2012 pande hizo mbili zilikuwa wilaya moja. Upimaji huo wote umeandikwa na watu, kwa lugha ya Java, na ndani ya msimbo wa namna hiyo kuna maandishi ambayo kompyuta huyaruka: maelezo ambayo mtunga programu humwachia mwenzake atakayekuja kuusoma. Zana iitwayo Javadoc huyakusanya yakawa mwongozo. Ninachodai ni kwamba katika msimbo wa ruhusa maelezo hayo ni sehemu ya ulinzi wenyewe, na yakichakaa hiyo ni kasoro ya usalama, si uchafu mdogo wa kusubiri siku tukipata nafasi.

Ushahidi mzito kuliko wote unatoka kwenye Java yenyewe. Tangu toleo la kwanza la 1996, Java ilikuwa na Security Manager, mlinzi aliyeweza kuizuia programu isisome faili wala kufungua mawasiliano ya mtandao bila kibali. Toleo la 1.2, mwishoni mwa 1998, likaleta ukoo mzima wa vibali: cha faili, cha mtandao, cha mipangilio ya mfumo. Mwaka 2021, katika Java 17, ilitangazwa kwamba mlinzi huyo ataondolewa, na Java 24 ya Machi 2025 ikamzima kabisa. Vibali vyenyewe, hata hivyo, havikufutwa, kwa sababu programu nyingi za zamani zinavitaja na zingekwama kama visingekuwepo. Kwa hiyo leo unaweza kuunda kibali cha faili, ukaandika jina la faili na tendo la kusoma, na Java ikakipokea bila neno. Hakizuii chochote. Jina ni lilelile na umbo ni lilelile. Kinachomzindua msomaji ni sentensi moja iliyoongezwa kwenye maelezo ya vibali hivyo, kwamba haviwezi tena kutumika kudhibiti nani afikie nini. Kuongeza sentensi hiyo hakukugeuza mwenendo wa programu hata moja. Kuligeuza kile ambacho mtu ataamini kabla ya kukabidhi faili zake, na kwangu mimi hiyo ni kazi ya ulinzi kamili.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioasisiwa 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, nao umeandikwa kwa Java. Humo, alama ya @Authorized huwekwa juu ya kila kazi inayohitaji ulinzi, pamoja na orodha ya vibali. Orodha ikitaja viwili, mtumiaji awe navyo vyote au kimojawapo? Kimoja kinatosha; anayetaka vyote lazima aongeze sharti la requireAll. Na alama ikiachwa tupu, inatosha mtu awe ameingia kwa jina lake na nywila. Hakuna jicho linaloweza kubashiri kanuni hizo kwa kuitazama orodha tu; maelezo ndiyo yanayozisema. Aliyedhani mkato kati ya vibali ni «na», kumbe ni «au», amemfungulia faili la mgonjwa mtu aliyepaswa kuzuiwa. Akijaribu kwa mtumiaji mwenye vibali vyote, anapita. Kwa asiye na chochote, anazuiwa. Kosa limejificha kwa yule mwenye kimoja, ambaye hakukumbukwa.

Wapo watunga programu hodari wanaosema msimbo ndio ukweli, maelezo hudanganya, bora yafutwe. Ni kweli kwamba msimbo unasema kinachotendeka. Hausemi kilichokusudiwa, na kosa la ruhusa ni pengo kati ya hayo mawili. Yafute maelezo, na ruhusa iliyolegezwa kwa bahati mbaya itaonekana sawasawa na iliyolegezwa kwa uamuzi. Maelezo na msimbo vikipingana, upinzani huo ni kengele: kimojawapo kina kosa. Ila kengele hiyo husikika pale tu ambapo maelezo yamezoea kuwa sahihi. Wengine huhofia kwamba maelezo bayana humsaidia mvamizi. Msimbo wa DHIS2 na wa OpenMRS uko wazi kwa yeyote. Mvamizi husoma masharti yenyewe. Anayetegemea maelezo ni mtu mwema mwenye haraka.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la uhaba: mafundi ni wachache, kazi ni nyingi. Lakini uhaba huohuo ndio unaoifanya sentensi sahihi iwe na thamani. Mtaalamu wa halmashauri anayekuta jukumu limekwama siku ya mwisho ya kutuma ripoti, na maelezo hayamwambii ni mamlaka gani yanayokosekana, anaweza kushawishika kutoa yale yaitwayo ALL, ambayo katika DHIS2 hubeba mamlaka yote. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mwenye kushika taarifa za watu azilinde. Gharama inayodaiwa ni ndogo: anayebadilisha sharti la ruhusa abadilishe maelezo katika badiliko hilohilo, na mkaguzi alirudishe lisipokuwa hivyo. Maelezo yaseme nani anaruhusiwa, kama anahitaji vibali vyote au kimoja, eneo gani linahusika, na ni kitu gani ambacho kibali hicho hakikilindi.