Kumbe Hata Nyota Hudanganya Umri

Tangu niache chuo, mama haulizi tena nasoma nini. Anauliza nina miaka mingapi. Swali ni fiti, ila jibu linategemea unapima na nini.

Juzi usiku stima zilipotea mtaani, nikapanda kwenye paa la ploti kutazama Kilimia, kile kishada ambacho wakulima wa zamani walikitumia kujua msimu. Karibu nacho kuna kundi la umbo la V, Hyades, umbali wa miaka 150 hivi ya mwanga.

Umri wake unajulikanaje? Nyota za kundi moja huzaliwa karibu wakati mmoja. Kubwa humaliza haidrojeni ya kiini haraka, ndogo hudumu. Kwa hivyo unauliza: kubwa zaidi ambayo haijamaliza ni ipi? Hiyo ndiyo saa yako.

Miaka mingi saa hiyo ilisoma miaka milioni 625 hivi. Shida ni kwamba hesabu ilichukulia nyota zimetulia tu. Wapi! Jua letu hujizungusha mara moja kwa siku 25 hivi kwenye ikweta. Nyota iitwayo Altair hutumia saa chache tu, hadi imevimba kiunoni.

Mbio hizo huleta mambo mawili. Kwanza, fikiria jiko. Ukikoroga makaa ya pembeni yakaingia katikati, moto unadumu. Nyota nayo ikizunguka sana, haidrojeni mpya huingia kwenye kiini, maisha yanarefuka. Pili, nyota iliyovimba ina joto zaidi kwenye ncha kuliko kiunoni. Ukiiona kutoka nchani inang'aa zaidi, kutoka ubavuni inafifia. Nyota ni ileile, sura mbili.

Mwaka 2015, Timothy Brandt na Chelsea Huang waliingiza mzunguko kwenye hesabu. Hyades na kundi lingine, Praesepe, yakapata karibu miaka milioni 800. Si mchezo, kwa sababu ukikosea umri wa nyota, umekosea na wa sayari zake.

Mjadala haujaisha. Mwaka 2018, kipimo kingine kilichotumia lithiamu ya vijinyota hafifu vya Hyades kilirudi karibu milioni 650. Njia tofauti, saa tofauti, na wataalamu bado wanazilinganisha.

Kwa hivyo mathe, usinipime kwa wenzangu wa darasa. Mimi bado nakoroga jiko.