Wembe Mmoja, Nyumba Nzima

Huku kwetu Mjambere, mtu akisikiwa ana homa ya ini aina ya C, kwanza hutengewa kikombe na sahani. Wanawe hukatazwa kula naye sinia moja. Masikini, anaonewa bure. Virusi hivi, vilivyotambuliwa mwaka 1989, hukaa damuni. Havipiti kwa chakula wala kwa kukumbatiana.

Lakini tazama bafuni. Sahani imetengwa, wembe ni ule ule mmoja: baba anyolea ndevu, mwana naye anyolea, mama akatia kucha. Mswaki nao huazimwa, na fizi hutoka damu. Chembe tu, hata isiyoonekana kwa macho, yatosha. Na anayetupiga chuku au kuwatoga watoto masikio tumuulize: wembe huu ni mpya, au umetoka kwa jirani? Hijama sina neno nayo. Neno langu ni chombo. Vijana wanaodungana unga kwa sindano moja ndio walio hatarini zaidi, nao hurudi nyumbani kwenye wembe ule ule wa baba.

Mume na mke huambukizana kwa nadra. Mama mjamzito mwenye virusi huweza kumpa mwanawe, yapata watoto 5 au 6 katika 100.

Chanjo hakuna, ila vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya wagonjwa 95 katika 100. Wengi hukaa miaka hawaumwi kitu na ini laharibika, basi akipatikana mmoja, na wenziwe nyumbani wapimwe damu.