Delta ya rimoti: usiilaumu mota, angalia betri umeiweka wapi

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Kuna kitu vijana wengi wanakitazama kwenye video halafu wanaishia kusema "aah, hayo mambo ya Wazungu". Ni ndege ya rimoti yenye bawa la pembetatu, yaani delta, unayoikata mwenyewe kwa kisu. Jamani, hakuna cha Uzungu hapo. Kama uliwahi kutengeneza tiara ikapaa, au gari la waya lenye matairi ya malapa, hii kazi unaiweza.

Ila kuna kitu kimoja kinaua ndege hizi kuliko vyote, na wengi wanakigundua wakiwa wameshika vipande mkononi. Wanarusha, ndege inanyanyua pua, inapinduka, puu! Halafu utasikia "mota ndogo", "propela feki", "upepo mbaya". Mara nyingi mota haina kosa. Kosa ni uzito kukaa nyuma. Na ukizingatia mota, betri na rimoti ni pesa ya kudunduliza miezi kadhaa, si vizuri kuja kujifunza hilo kwa kuvunja.

Kama uko kafe na dakika zinayoyoma, nakili namba hizi tatu kwenye daftari: 80, 54, 22. Upana wa bawa sm 80, urefu kutoka ncha ya pua mpaka nyuma sm 54, na sehemu ya kubalansi ni sm 22 kutoka kwenye ncha ya pua. Ukikumbuka hiyo ya tatu, umeokoa ndege.

KWA NINI 22?

Chukua pembetatu ya bodi tupu ya vipimo hivyo uiweke juu ya kidole. Itabalansi sm 36 kutoka kwenye pua, yaani theluthi mbili ya urefu. Hiyo ni hesabu ya shule kabisa, ya kitovu cha pembetatu. Sasa upepo ukipita kwenye bawa, nguvu ya kulinyanyua haikai hapo kwenye 36. Kwa hesabu rahisi ya pembetatu inakaa karibu na nusu ya urefu, yaani sm 27. Unaona balaa lilipo? Uzito uko nyuma, kinachonyanyua kiko mbele. Pua lazima ipande, na ikishapanda inazidi kupanda. Hapo hata uwe fundi wa rimoti kiasi gani, huikamati.

Kinachotakiwa ni kinyume chake, uzito uwe mbele ya hiyo 27. Tunatoa sm 4 mpaka 5 hivi za usalama, tunapata 22 mpaka 23. Kwa mara ya kwanza anza na 22. Kwa hiyo kazi yako yote ni kuuhamisha uzito kutoka 36 uliopewa na bodi mpaka 22, na unauhamisha kwa kupanga vitu: mota puani, betri mbele, na kule nyuma usibandike kitu kisichokuwa na kazi.

Wakubwa nao walikuwa na shughuli hiyo hiyo. Mjerumani Alexander Lippisch alirushisha Delta I yake mwaka 1931, na hilo jina linatokana na herufi ya Kigiriki yenye umbo la pembetatu. Baadaye ikaja Concorde ya Waingereza na Wafaransa, iliyoruka mara ya kwanza 1969 na kustaafu 2003. Ile ikivuka mwendo wa sauti, nguvu ya kunyanyua inasogea nyuma, basi wanasukuma mafuta kwenye tangi la nyuma ili uzito uifuate. Ikipunguza mwendo, mafuta yanarudishwa mbele. Wao walisogeza mafuta, wewe utasogeza betri. Mchezo ni ule ule.

JARIBU KWANZA BILA HATA SHILINGI

Kata pembetatu ya karatasi ngumu, jalada la daftari linatosha, upana sm 20 na urefu sm 13.5. Hiyo ni robo ya ndege yetu. Kunja ukingo wa nyuma uelekee juu kidogo sana. Irushe hivyo hivyo: itapinduka. Sasa chomeka klipu za karatasi puani, moja moja, mpaka ibalansi sm 5.5 kutoka puani. Irushe tena taratibu. Itateleza hewani kama kunguru anayetua. Ukishaona hiyo tofauti kwa macho, hutahitaji mtu akueleze.

VIFAA

Bodi: tafuta zile nyeupe zenye povu katikati na karatasi pande zote mbili, unene mm 5, wanazotumia kwa mabango na fremu za picha. Kipande cha A1 kinatosha bawa. Zipime kwa mkono dukani, chagua iliyo nyepesi.

Mota isiyo na brashi ya gramu 50 hivi (tafuta iliyoandikwa 2212, ya kV 1000 au 1400), propela ya inchi 8 kwa 4, na spidi kontrola ya ampea 30. Sevo mbili ndogo za gramu 9. Betri ya lipo ya seli 3, mAh 1300, yenye gramu kama 110. Rimoti na risiva ya 2.4 GHz yenye chaneli 4 au zaidi. Zile rimoti za zamani za kristali ziache: mwenzako akiwasha ya kwake kwenye chaneli yako, ndege yako imekwenda.

Vyote pamoja na gundi vilenge gramu 400. Ikifika 450 bado inaruka, ila inataka mwendo zaidi. Gundi tumia ile ya bunduki ya umeme, lakini kwa uchoyo. Supagluu ya kawaida usiiguse, inayeyusha povu.

KUJENGA

1. Kata pembetatu. Chini yake bandika upapi wa mwanzi wa sm 50, kukingama bawa, sm 35 kutoka puani. Bila huo bawa litajikunja kwenye kona ya kwanza.

2. Tengeneza boksi refu la bodi: upana sm 6, kimo sm 5, urefu sm 40. Libandike chini ya bawa katikati, kuanzia puani. Mwanzi ukipita hapo, lichonge kidogo. Hilo ndo tumbo la ndege, na ndipo utakaposhika wakati wa kurusha. Mbele yake weka kipande cha plaiwudi na ufunge mota. Kuiweka mota mbele kunakupa uzito puani bila kuongeza risasi wala misumari, na vidole vyako vinabaki mbali na propela ukiwa unarusha.

3. Nyuma kata elevoni mbili. Hizi ndo zinafanya kazi ya kupandisha, kushusha na kulaza ndege, zote kwa pamoja. Kila moja ianze sm 6 kutoka katikati, iwe na urefu wa sm 24 na upana wa sm 6. Kata karatasi ya chini pamoja na povu, acha karatasi ya juu iwe bawaba. Lile povu likate mshazari ili elevoni iweze kushuka pia. Imarisha bawaba kwa selotepu.

4. Pezi la wima liweke nyuma katikati: chini sm 18, juu sm 8, kimo sm 14. Lisipokuwepo, ndege itayumba kama mlevi.

5. Sevo zikae mbele kidogo ya elevoni. Spidi kontrola na risiva ndani ya boksi. Betri usiibandike kabisa, ifunge kwa velkro, karibu sm 16 kutoka puani, ili iweze kusogea.

Sasa balansi. Weka vidole viwili chini ya bawa kwenye alama ya sm 22, kila kitu kikiwa ndani pamoja na propela. Ikiinamisha mkia, sogeza betri mbele. Na ujue hili: gramu 10 tu za gundi ulizomwaga mkiani zinadai betri isogee mbele kama sm 2. Ndo maana nimesema uchoyo.

KABLA YA KURUSHA

VUA PROPELA. Kisha washa rimoti kwanza, halafu unganisha betri. Kwenye menyu ya rimoti washa mchanganyiko wa elevoni, nyingine zinauita delta. Simama nyuma ya ndege: ukivuta fimbo kuja kwako, elevoni zote mbili zipande. Ukipeleka kulia, ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Kama ni kinyume, geuza kwenye rimoti sasa hivi, maana hewani hutapata muda wa kufikiri.

Fimbo ikiwa katikati, elevoni zikae juu kidogo, mm 2 au 3. Uzito uko mbele, kwa hiyo pua inataka kushuka, na hizo elevoni zinaukandamiza mkia ili mambo yawe sawa. Mwendo wake wote usizidi mm 12 hivi juu na chini kwa kuanzia. Delta ina wepesi wa kulala, ukizidisha itajizungusha kabla hujapepesa macho.

Weka pia rimoti na risiva ili mawasiliano yakikatika mota izime yenyewe. Propela inayozunguka inakata kidole, huo si utani.

Betri ya lipo nayo ina masharti yake. Chaji kwa chaja inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji au kigae, si juu ya godoro, na usiondoke. Ikivimba, imekwisha, hakuna cha "nitaitumia mara moja tu". Ikijaa ni volti 12.6; ikiwa inakaribia volti 10 shusha ndege. Seti saa ya dakika 5.

SIKU YENYEWE

Tafuta uwanja mpana wenye nyasi, asubuhi upepo ukiwa mdogo. Mbali na watu, barabara, nyaya za umeme na viwanja vya ndege. Na hapa tusidanganyane: kuna sheria. Tanzania ilitoa kanuni zake za vyombo visivyo na rubani mwaka 2018, Kenya mwaka 2020. Usidhani cha kwako kimesalimika kwa sababu ni cha bodi. Nenda kaulize TCAA au KCAA kwanza, maana kumweleza askari ukiwa umeshakamatwa ni hadithi ndefu.

Anza bila mota. Irushe sawa na ardhi juu ya nyasi ndefu. Ikitua mbele taratibu, umeshinda. Ikichimba pua, ongeza elevoni juu mm 1. Ikinyanyua pua na kuanguka, sogeza betri mbele. Warushaji wana msemo wao: ndege yenye pua nzito huruka vibaya, yenye mkia mzito huruka mara moja.

Halafu mpe mwenzako airushe, wewe ukae na rimoti. Mota theluthi mbili, uso kwenye upepo, asukume kwa nguvu, pua juu kidogo. Ikilala upande kidogo mwanzoni ni msokoto wa propela, irekebishe taratibu. Panda mpaka kimo cha minazi miwili kabla ya kukata kona.

Ukishakuwa juu na mikono imetulia, fanya kipimo hiki: punguza mota, inamisha pua nusu, kisha achia fimbo. Ikijinyanyua kwa ghafla, pua bado nzito, unaweza kurudisha betri nyuma mm 5. Ikizidi kuzama, vuta fimbo upesi, tua, na usogeze betri mbele. Ikijirudi polepole, weka alama ya kalamu hapo betri ilipo na usiiguse tena.

Kutua ni raha. Delta haikati pumzi ghafla kama bawa la kawaida. Ukipunguza mwendo inanyanyua pua na kushuka kwa tumbo. Zima mota kabla ya kugusa nyasi, la sivyo utanunua propela kila Jumapili.

Haya, ndo hivyo. Ile pembetatu ya jalada la daftari unaweza kuikata leo hii kabla hujalala. Waliowahi kurusha, tupeni hapo chini: yenu ilibalansi sm ngapi, na ilikuwa na gramu ngapi? Wengine tunanakili.